Bi Tufaha Alipoachwa Kituo cha Mafuta

Mwaka 2016 simu ya mezani katika nyumba ya Al Garhoud, Dubai, ilikuwa haipigwi tena na mtu, isipokuwa wauza bima. Watoto wa nyumba ile walishakua na kuhama, kila mmoja na simu yake ya mkononi, na kila mwezi Mzee Soud alikuwa akisema ataikata laini. Aliyekataa ni mkewe, Bi Tufaha. Hakukataa kwa maneno, maana hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiifunika simu ile kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na mzee akikiona kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, anajua simu inabaki.

Kwa hiyo ilipolia Alhamisi moja ya Septemba, saa sita na nusu mchana, mimi, mfanyakazi wao wa ndani, nikipangusa madirisha, niliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya tatu nikaiinua niseme hatutaki bima.

"Caren?"

Ilikuwa sauti ya Bi Tufaha. Lakini Bi Tufaha alikuwa Uhispania na mume wake, siku ya sita ya safari yao, na kila siku picha zilikuwa zikiingia kwenye simu yangu: Mzee Soud mbele ya kasri, Mzee Soud mbele ya mchungwa, kidole cha Bi Tufaha kikiziba pembe ya picha.

"Madam? Uko salama?"

"Sijui wapi nilipo," akasema. "Nipo kituo cha mafuta. Baba Azzam keshakwenda zake."

Kwetu Nyamira, Kenya, mzee wa miaka sitini na tatu akisemwa ameenda zake, watu huanza kulia. Nilikaa sakafuni na kitambaa cha kupangusia bado mkononi.

"Uui, pole madam. Pole sana. Mwili... mwili uko wapi?"

"Mwili gani? Kaenda zake na gari! Kaniacha!"

Nilisikia mwanamke mwingine akisema jambo kwa Kiarabu ambacho hakikuwa Kiarabu cha Dubai, kisha Bi Tufaha akarudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kama kifuniko cha sufuria iliyo juu ya moto mkali.

"Sina simu, sina pochi, sina pasipoti. N'na kandambili na dera nililovaa. Namba zote zimo kwenye simu, na simu imo garini. Kichwani mwangu n'nayo hii ya nyumbani tu. Mwambie Azzam ampigie baba yake."

Yule mwanamke mwingine akanisomea namba kwa Kiingereza cha kuvunjika, tarakimu moja moja, nikaiandika pembeni mwa gazeti. Halafu laini ikakatika.

Nilifanya kazi katika nyumba ile miaka mitano, na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumsikia Bi Tufaha akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja.

Nieleze alikuwa mtu gani. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaolewa mwaka 1978 akiwa na miaka kumi na tisa, akaletwa Dubai. Soud alikuwa karani wa ghala Deira wakati huo. Baadaye alifungua duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, na watu wa karakana zote za pale walimjua. Walipata watoto wawili, Azzam na Taghreed. Watoto walipokua, Bi Tufaha akaajiriwa kuwa mushrifa, yaani msimamizi wa watoto ndani ya basi la shule. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Asubuhi anawapandisha, mchana anawateremsha, na kila siku anapita viti vyote mpaka cha nyuma kabisa, anainama kuangalia chini, kuhakikisha hakuna mtoto aliyelala akasahaulika. Joto la Dubai likimkuta mtoto ndani ya basi lililofungwa, humaliza kazi kwa dakika chache. Katika miaka kumi na sita hakusahau mtoto hata mmoja.

Mzee Soud alikuwa msemaji. Anazungumza akila, anazungumza akinyoa ndevu, anazungumza na injini anapoifungua. Mgeni akiingia na kuuliza, "Bi Tufaha, hujambo?" mzee ndiye anayejibu: "Hajambo, magoti tu yanamsumbua." Mkewe anatabasamu na kuleta kahawa. Mimi mwanzoni nilidhani ana ugonjwa wa koo. Baadaye nikazoea, kama walivyozoea wote.

Wazo la safari lilianzia dukani. Siku moja walikuja mume na mke wazee wa Kijerumani waliosafiri kwa karavani kutoka kwao hadi Dubai, gari ambalo ndani lina kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Walikuwa wakitafuta kifaa fulani. Mzee Soud akakipata, akawaalika nyumbani wakala biriani, na walipoondoka akabaki amesimama barabarani kama mtoto aliyeona sarakasi. Kutoka siku hiyo ni karavani, karavani. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia wenye pasipoti za Imarati walikuwa wameondolewa viza ya Ulaya, Azzam akasema, "Baba, maisha ndiyo haya, nendeni." Akawakodia gari kupitia mtandao, walipokee Malaga, wapite kusini mwa Uhispania, waingie Ufaransa, wamalizie Italia. Mwezi mzima. Waliondoka siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, na Bi Tufaha alijaza begi moja zima la mchele, tui la kopo na pilipili, kana kwamba huko watu hawali.

Sasa niseme yaliyotokea asubuhi ile. Nayasimulia kama nilivyoyapata kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Walilala pwani, mahali pa kuegeshea karavani. Baada ya sala ya alfajiri wakang'oa safari kuelekea Valensia. Bi Tufaha alikuwa na maumivu ya kichwa, mzee akamwambia, "Kajilaze nyuma, nitakuamsha tukifika." Akaenda, akavuta pazia. Karibu na mji mdogo uitwao Lorca mzee akasimama kutia mafuta. Choo cha garini kilikuwapo, lakini Mzee Soud alikuwa amepiga marufuku kukitumia mchana, kwa sababu kisanduku chake kikijaa, wa kukimwaga ni yeye, na kazi hiyo ilimshinda. Basi Bi Tufaha akateremka kwa mlango wa nyuma kwenda choo cha kituo. Hakuaga. Hakuona sababu ya kuaga. Mzee alikuwa ndani akilipa.

Kulikuwa na foleni ya wanawake watatu. Alipotoka, karavani haikuwepo.

Kwanza alidhani imesogezwa penye pampu ya upepo. Akaenda kule. Akazunguka jengo zima mara mbili, kandambili zikimpiga visigino. Halafu akadhani gari limeibwa pamoja na mzee, akashikilia nguzo. Malori yalikuwa yakipita barabara kuu kwa mngurumo wa kutisha. Akajiambia, atarudi sasa hivi, hawezi kufika mbali. Akasimama palepale penye pampu namba nne, mahali gari lilipokuwa, ili akirudi amkute. Alisimama zaidi ya saa mbili. Madereva walimpigia honi awapishe, akawapisha, akarudi palepale.

Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja wa Moroko aitwaye Masuda, mfanyakazi wa mashamba ya saladi yaliyozunguka mji ule. Gari la vibarua lilisimama wanywe kahawa. Masuda akamwona mwanamke wa makamo, kajitanda ushungi, machozi yanamtoka bila sauti katikati ya pampu za mafuta. Akamsogelea, akamtolea salamu. Kiarabu chao kilipishana kama watu wawili wanaoitana kutoka pande mbili za bonde, lakini jambo lenyewe halikuhitaji lugha nyingi: "Mume wangu. Gari. Kaondoka." Masuda akashika mdomo. Akambandua Bi Tufaha mkono kwenye pampu, kidole kimoja kimoja, akamwingiza ndani, akamsihi msichana wa kaunta kwa Kihispania mpaka msichana akatoa simu yake mwenyewe. Gari la vibarua likapiga honi. Masuda akatoka mlangoni, akampigia kelele msimamizi wake aende zake, akarudi akavua sweta lake na kumvisha Bi Tufaha. Siku hiyo hakwenda shamba.

Na mimi huku Al Garhoud nikampigia Azzam.

Azzam alikuwa dukani Ras Al Khor. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia nikate simu haraka.

Alipompigia baba yake, mzee alikuwa amekwishaendesha karibu kilomita mia tatu. Kitu kilichomshtua Azzam mwanzo kabisa ni kwamba sauti ya baba yake ilikuwa na machozi kabla hajaambiwa lolote.

"Baba, mpo wapi?"

"Tunakaribia Valensia. Nitakupigia baadaye, mwanangu. Mie na mama yako tumo kwenye mazungumzo."

"Mama yupo?"

"Yupo nyuma, kajilaza."

"Baba, simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Mama hayupo. Yuko kituo cha mafuta. Kampigia Caren simu ya nyumbani."

"Caren kaota mchana. Mama yako nazungumza naye hapa tangu asubuhi."

"Amekujibu?"

Azzam anasema badala ya jibu alisikia taa ya kuegesha ikianza kugonga, tik, tik, tik. Mzee alisimama pembeni mwa barabara kuu, akaenda nyuma, akavuta pazia. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri. Simu ya mkewe ilikuwa juu ya mto, na miwani yake juu ya simu.

Mzee Soud mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alitia mkono chini ya blanketi, akalipapasa kama mtu anayetafuta funguo. Hakupiga kelele. Kilichomtoka ni neno moja, "Lahaula," akalirudia mpaka Azzam upande wa pili akaanza kulia.

Nikapiga ile namba niliyoiandika pembeni mwa gazeti. Msichana wa kaunta akampa Bi Tufaha.

"Madam, sir anarudi. Yuko mbali, itachukua karibu masaa matatu, lakini anarudi. Anasema hakujua kabisa kwamba haupo. Alikuwa anaongea na wewe."

"Na mie?"

"Ndiyo, madam. Azzam amesema alikuwa anaongea na wewe tangu asubuhi."

"Masaa yote hayo," akasema polepole. "Na mie nikamjibu nini?"

Nilibaki nimeshika simu, nikitazama kile kitambaa alichokidarizi, maua mekundu na majani ya kijani. Yeye ndiye aliyekata.

Aliniambia baadaye kwamba kuachwa kulimtisha, lakini neno lile ndilo lililomvunja. Mtu akikusahau kwa haraka, hiyo ni ajali. Lakini mtu akae masaa yale yote akizungumza na wewe, asione tofauti ya kuwepo kwako na kutokuwepo! Akawa anakumbuka miaka thelathini na minane, meza moja baada ya nyingine, mgeni mmoja baada ya mwingine, akijitafuta alisema nini. Akamgeukia Masuda, akaanza kumwambia mambo. Kuhusu mama yake, kuhusu basi la shule, kuhusu mimba mbili zilizotoka kabla ya Taghreed. Nusu yake Masuda hakuifahamu. Aliendelea tu kumshika mkono na kusema naam, naam, endelea.

Karavani iliingia saa nane mchana ya kule, kwetu Dubai saa kumi, imekaa upande upande, karibu igonge kibao cha bei ya mafuta. Mzee Soud aliteremka na kuuacha mlango wazi. Kabla hajafika kwa mkewe, Masuda alimzuia njiani na kumkaripia kwa Kiarabu cha kwao, kidole kikimpiga kifuani. Mzee hakuelewa maneno, lakini aliinamisha kichwa na kukipokea chote mpaka mwisho.

Bi Tufaha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, sweta la watu mwilini. Hakusimama.

"Mama Azzam, nisamehe. Wallahi nilidhani umo."

"Ulikuwa ukizungumza nami."

"Ndiyo."

"Masaa yote hayo."

"Ndiyo." Akakaa kitako kando yake. Akaibana mikono katikati ya magoti. "Nilikuwa nakwambia jambo moja. Jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini na minane. Nilishindwa kukwambia nyumbani, nikasema nitakwambia safarini. Siku tano nimeshindwa kukutazama usoni nikasema. Leo ulipolala nyuma ya pazia ndiyo nikapata nguvu. Ukawa kimya, nikadhani unalia. Nikasema, mwache alie."

Njiani akirudi mzee alikuwa amepata wazo. Tufaha hakusikia. Hakuna aliyesikia isipokuwa Mungu, na pengine Mungu amempa mwanya, anyamaze afe nalo. Alilifikiria jambo hilo kilomita nyingi, na karibu alikubali. Lakini alipomwona amekaa pale na sweta la mtu asiyemjua, aliniambia, alishindwa.

"Mwaka ule aliofariki mama yako," akasema, "sikukwambia kweli. Nilikwambia kafa ghafla."

"Presha," akasema Bi Tufaha.

"Haikuwa ghafla. Khairiya alinipigia simu ghalani Deira. Alikwenda posta akangoja mpaka akapata laini. Akasema mama yenu ni mgonjwa sana, anamtaka Tufaha, anamwita usiku na mchana. Wewe ulikuwa na mimba ya Taghreed, mwezi wa saba. Daktari alikwisha kukataza safari. Nikajua nikikwambia utakwenda. Nikaona nitakupoteza wewe na mtoto."

Khairiya ni dada yake Bi Tufaha, mkubwa wake kwa miaka minne, na yuko Unguja hadi leo.

"Siku ngapi?" Bi Tufaha akauliza.

"Vipi?"

"Kutoka simu mpaka mama kufa. Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Malori yakapita. Masuda, ambaye hakujua neno moja la Kiswahili, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, akiwatazama, na Bi Tufaha aliniambia kwamba yule mwanamke alijiweka mkono kichwani kama mtu aliyeona msiba unapita.

"Na Khairiya ulimwambia nini?" akauliza.

Hapo ndipo Mzee Soud alipofunika uso.

"Alipiga tena mara ya pili. Nikamwambia nimekwisha kukwambia. Nikamwambia umesema huwezi kuja."

Bi Tufaha alisimama. Akakaa tena. Alipokwenda Unguja mwaka 1994, dada yake alimpokea kwa vikombe vya wageni, akamtandikia chumba cha wageni, akamwita "bibi" kama anavyoitwa mke wa balozi. Hawakulala kitanda kimoja kupiga soga kama zamani. Kila alipouliza kuna nini, Khairiya alijibu hakuna kitu, karibu chai. Bi Tufaha alidhani ni uchungu wa kufiwa, baadaye akadhani ni wivu wa Dubai, mwisho akaacha kudhani. Na miaka yote ile dada yake alikuwa akimtazama mtu aliyeitwa na mama yake anayekata roho, akasema hawezi.

"Wewe ulisema," akamwambia mumewe. Alikuwa hapazi sauti. "Kwa mdomo wangu. Umemwambia Khairiya kwa mdomo wangu."

"Tufaha..."

"Mpigie."

"Sasa?"

"Mpigie sasa hivi. Umweleze. Na mie nisikie."

Alipiga. Alipiga kwa simu yake yenye sauti ya nje, amekaa kwenye ukingo wa saruji wa kituo cha mafuta, watu wakipita na mikebe ya soda. Khairiya alipoitika, akaanza na salamu zake ndefu za kawaida, na mkewe akamgusa bega, akaacha. Akasema. Safari hii alisema kwa sentensi chache.

Huko Unguja Khairiya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha:

"Tufaha yupo hapo?"

"Nipo, dada."

"Sema mwenyewe. Hakukwambia?"

"Hakunambia."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nimejua leo. Nimejua sasa hivi, dada, hapa nilipokaa."

Khairiya akapiga ukelele ambao msichana wa kaunta aliusikia ndani akatoka nje. Masuda naye akaanza kulia, bila kujua analilia nini. "Mama aliniuliza mpaka siku ya mwisho," Khairiya alikuwa akisema, "aliniuliza, Tufaha kashafika? Nami nikamdanganya kuwa uko njiani, na moyoni nakulaani! Nimekulaani mdogo wangu miaka ishirini na minane!"

Safari iliishia pale. Hawakufika Valensia wala Ufaransa. Waligeuza kurudi Malaga, Bi Tufaha amekaa kiti cha mbele, na njia nzima mzee hakusema neno, naye hakumsaidia. Kabla ya kuondoka alitaka kurudisha sweta, Masuda akalikataa. Wakabadilishana namba, zikaandikwa kwenye simu na kwenye karatasi pia.

Nilipowafungulia mlango Jumapili, mwezi wao umekuwa siku tisa, nilishindwa hata kusema karibu. Mzee Soud alikuwa amepungua, kana kwamba suti imevaliwa na mdogo wake. Bi Tufaha aliingia moja kwa moja chumbani. "Caren, mwanangu, nisaidie kufungasha," akasema. "Nakwenda kwa dada." Hakuuliza mtu. Azzam alipoanza kusema labda apumzike kwanza, labda baada ya wiki mbili, alimtazama tu, na Azzam akatoa simu kutafuta tikiti.

Taghreed ndiye niliyemwonea huruma kuliko wote. Alikuja jioni ile kutoka kazini Freezone, eneo huru la biashara, kitambulisho bado shingoni, hajui lolote isipokuwa kwamba wazazi wamerudi mapema. Walimweleza mezani. Nilikuwa namimina chai. Alisikiliza, halafu uso wake ukabadilika.

"Mimba ile nilikuwa mimi," akasema.

Akamgeukia mzee.

"Baba, mimi ndiye sababu?"

"Wewe hukuwa sababu," mzee akasema. "Nilikuchagua."

"Hukuniuliza mimi. Wala Mama hukumwuliza!" Akasukuma kiti, akatoka mpaka barazani, nikamfuata na chai yake. Akaniambia, "Caren, bibi yangu aliita siku kumi na moja. Mimi kila mwaka nakata keki."

Yeye ndiye aliyehamia kulala nyumbani wakati mama yake hayupo, maana haikufaa nibaki mimi na mzee peke yetu. Kwa wiki mbili hakuzungumza na baba yake. Mzee naye alikuwa anakaa barazani, hasemi na mtu, hata na gari. Nilikuwa nimechoshwa na maneno yake miaka yote ile, lakini kimya kile kilinitisha zaidi. Siku moja nilimkuta amepasha moto chakula chake mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Bi Tufaha alikaa Unguja miezi minne. Alilala kitanda kimoja na Khairiya. Walikwenda pamoja kwenye kaburi la mama yao, na Khairiya akasema mbele ya kaburi kwa sauti, kama anayemweleza mtu aliye hai, kwamba Tufaha hakukataa, hakuambiwa. Jamaa na majirani waliomnong'ona miaka yote wakaambiwa mmoja mmoja. Kwa kila mmoja ilikuwa mshtuko upya, na baadhi walikuja wakapiga magoti kumwomba radhi mtu ambaye hakuwa hata na habari kwamba amesengenywa.

Januari dada wawili wakaja Dubai pamoja, ili Khairiya atazamwe macho. Mzee Soud aliwangojea uwanja wa ndege masaa mawili kabla ya ndege kutua. Khairiya alimpita kama anavyopita mtu nguzo. Nyumbani alikaa siku tatu bila kumtolea salamu. Siku ya nne, nikiwa jikoni, nilimsikia akimwambia, "Soud, hebu nipe hiyo sukari." Mzee akalishika bakuli kwa mikono yote miwili.

Hawakuachana, yeye na mkewe. Watu wengi walidhani wataachana, na Azzam alikuwa ameshajiandaa. Wanaishi nyumba ile ile ya Al Garhoud. Wageni wakija na kumjulia hali, Bi Tufaha anajibu mwenyewe, na wakati mwingine jibu ni refu mpaka kahawa inapoa. Masuda humpigia kila Ijumaa.

Mwaka 2018, mkataba wangu ulipoisha na nikawa narudi kwetu, nilimuuliza jambo ambalo mfanyakazi hapaswi kumuuliza madam wake. Nilimuuliza kama amemsamehe.

Alikuwa akinikunjia nguo zangu, maana alisisitiza kunifungia begi yeye. Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sijui, Caren," akasema. "Kuna siku naona nimemsamehe, na kuna siku namtazama akila nikashangaa kama vile nimeambiwa jana. Nikijua nitakwambia."

Tunapigiana simu bado. Hajaniambia.